Kwa Nini Gari Lililotengenezwa Huharibika Tena?

Gari likiharibika mara moja, mwenyewe husikitika, hulipa gharama za matengenezo, kisha husahau. Lakini kasoro ikirudi baada ya wiki mbili, ikatengenezwa, halafu ikarudi tena, masikitiko hugeuka kuwa ugomvi. Mwenye gari humshuku fundi kwamba amemdanganya. Fundi naye hulaumu spea, au humlaumu mwenye gari kwamba hajui kuendesha. Mara nyingine wote wawili huishia kusema kwamba gari lina mkosi. Wakati huo fedha za ada ya shule au mtaji wa biashara zimekwisha gereji, na abiria wanaendelea kupanda gari ambalo hakuna ajuaye litasimama wapi.

Gari halina mkosi. Kila kasoro irudiayo ina sababu, na sababu hiyo hufuata kanuni zilezile za fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule zetu za sekondari. Makala haya yanaeleza kwa nini kasoro hurudi, kwa kutumia mifano miwili ijulikanayo sana na wenye magari: injini inayochemsha, na gari linalokataa kuwaka ingawa betri ni mpya. Jambo tunalotaka kulionyesha ni moja: kutengeneza kilichoharibika ni kazi moja, na kuondoa kilichokiharibu ni kazi nyingine.

Injini ni jiko

Lita moja ya petroli ina nishati ipatayo megajuli 32. Injini haiwezi kuigeuza nishati yote hiyo kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi moja hivi huendesha gari, theluthi nyingine hutoka pamoja na moshi, na theluthi iliyobaki hupenya kuta za silinda na kuingia katika maji yanayozunguka ndani ya injini.

Tufanye hesabu. Gari dogo lililo katika barabara kuu, likitumia petroli lita 8 kwa saa, huchoma megajuli 256 katika saa hiyo. Hizo ni sawa na kilowati 71. Theluthi yake ni kilowati 24 hivi, yaani joto la pasi 24 za umeme, kila moja ya kilowati moja, zilizowashwa kwa pamoja. Tuseme injini hiyo ina maji lita 6. Kila kilo ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Kama joto lote hilo lingebaki ndani ya maji, halijoto yake ingepanda kwa karibu nyuzi moja kila sekunde! Kwa kweli chuma cha injini nacho hufyonza sehemu ya joto, kwa hiyo mambo huenda polepole zaidi kidogo. Hata hivyo, dakika chache tu za upoozaji mbovu zatosha kuiua injini.

Kazi ya kuliondoa joto hilo imegawanywa. Pampu huyasukuma maji. Rejeta huyapitisha katika vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi ya bati, ili hewa iyapooze. Feni huvuta hewa hiyo gari linapokwenda polepole au linaposimama. Themostati ni mlango unaojifungua wenyewe maji yanapofikia nyuzi 80 hadi 90 hivi, ili injini isifanye kazi ikiwa baridi. Kisha kuna kifuniko cha rejeta, ambacho watu wengi hukidhania kuwa ni kizibo tu.

Kifuniko kidogo, kazi kubwa

Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale tu kanieneo ya hewa inapokuwa ile ya usawa wa bahari. Tukipanda mlima, hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Katika mwinuko wa meta 1,700, kama ulivyo mji wa Mbeya, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kinyume chake, kanieneo ikiongezwa, maji hukawia kuchemka.

Hiyo ndiyo kazi ya kifuniko. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke usitoke mpaka kanieneo izidi kiwango fulani. Kifuniko chenye alama 0.9 huongeza kanieneo kwa kadiri ya tisa ya kumi ya ile ya hewa ya pwani, na hivyo maji katika mji kama Dar es Salaam hayachemki mpaka yafikie nyuzi 119 hivi. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, akiba hiyo yote hupotea. Gari lililokuwa likienda vizuri Dar es Salaam litaanza kuchemsha likipanda Mlima Kitonga, katika barabara ya Morogoro hadi Iringa, ambako injini huzunguka kwa kasi katika gia ndogo huku upepo wa mwendo ukiwa haba.

Maji yanapoanza kuchemka ndani ya injini, hatari huongezeka ghafla. Mapovu ya mvuke hujipanga juu ya chuma kilicho moto na kuwa kama blanketi, kwa maana mvuke hauchukui joto vizuri kama maji. Pampu nayo hushindwa kuusukuma mvuke. Hivyo pale upoozaji unapohitajiwa zaidi, ndipo unapokoma.

Hapa yafaa kutoa onyo. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji ya nyuzi 110 yaliyofungiwa, yakifunguliwa ghafla, hujishusha yenyewe hadi nyuzi 100 kwa kugeuza sehemu yake kuwa mvuke. Kwa kila lita ya maji, gramu 18 hivi hugeuka mvuke mara moja. Gramu hizo ni kama vijiko vichache tu vya maji, lakini mvuke wake hujaza zaidi ya lita 30, na hurushwa usoni mwa aliyefungua pamoja na maji ya moto.

Duara la uharibifu

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayoonekana katika gereji nyingi. Gari linachemsha. Fundi analifungua na kukuta gasketi ya silinda hedi imeungua. Anaweka gasketi mpya, gari linawaka vizuri, na mwenyewe analipa. Baada ya mwezi mmoja gari linachemsha tena, na gasketi imeungua tena. Je, gasketi ilikuwa mbovu? Huenda. Lakini kabla ya kuilaumu, inafaa kuuliza ni kitu gani kilichoiunguza ile ya kwanza.

Katika injini nyingi, hedi imetengenezwa kwa aluminiamu na bloku kwa chuma. Metali hizi mbili hazitanuki sawasawa. Hedi yenye urefu wa milimita 400, ikipata joto kutoka nyuzi 30 hadi 110, hurefuka kwa milimita 0.74 hivi, ilhali bloku ya urefu huohuo hurefuka kwa milimita 0.35 tu. Gasketi imeundwa ivumilie tofauti hiyo. Lakini joto likipita kiasi, na hasa likizidi upande mmoja, hedi iliyobanwa kwa bolti haina pa kwenda, basi hupinda. Katika injini nyingi upindaji wa sehemu ya kumi tu ya milimita ni mkubwa mno. Gasketi mpya ikiwekwa juu ya uso uliopinda haitabanwa sawasawa, na gesi ya moto kutoka silindani itajitafutia njia papo hapo.

Na joto hilo lililopita kiasi lilitoka wapi? Tuseme lilitoka kwenye rejeta. Kwa miaka mingi gari limekuwa likijazwa maji ya kisima yenye chumvichumvi. Maji hayo, yakipata moto, huacha tabaka la chokaa ndani ya vijibomba na katika kuta za injini, kama lile tunaloliona ndani ya birika. Milimita moja ya tabaka hilo huzuia joto kama unene wa milimita 20 au zaidi za chuma. Pamoja na chokaa kuna kutu, kwa sababu maji matupu, yakichanganyika na hewa, hula chuma cha bloku. Kutu hiyo huchukuliwa na maji na kwenda kuziba rejeta.

Sasa duara limekamilika. Rejeta iliyoziba huleta joto. Joto hupinda hedi. Hedi iliyopinda huunguza gasketi. Gesi ya silindani hupenya gasketi na kuyasukuma maji nje. Maji yakipungua, joto huongezeka tena. Fundi aliyebadilisha gasketi amelikata duara mahali pamoja, naye amefanya kazi ya kweli. Lakini rejeta iliyolianzisha bado imekaa palepale, nayo italianzisha upya.

Desturi ya kuondoa themostati

Gari likichemsha mara kwa mara, wapo wanaoshauri themostati iondolewe kabisa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Ni kweli kwamba themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huchemsha injini, na lazima itolewe. Lakini inapaswa kubadilishwa, isiachwe pengo.

Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto wake wa kawaida. Petroli haigeuki mvuke vizuri katika silinda baridi, hivyo mafuta mengi hutumika, na sehemu yake huchuruzika hadi kwenye oili na kuidhoofisha. Tena, katika injini nyingi themostati ina kazi ya pili: inapofungua njia ya rejeta, huziba njia ya mkato ambayo maji hurudi nayo injinini bila kupoozwa. Ukiiondoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta hata kidogo.

Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba desturi hii huficha dalili. Gari lenye rejeta iliyoziba nusu, likiondolewa themostati, laweza kwenda miezi kadhaa bila kuchemsha mjini. Mwenyewe husema limepona, kumbe ugonjwa unaendelea kimya mpaka siku ya safari ndefu.

Dalili ni ushahidi

Daktari haulizi tu kama mgonjwa ana homa; huuliza inaanza saa ngapi na baada ya nini. Vivyo hivyo, wakati na mahali ambapo gari huchemsha hutuelekeza kwenye sababu.

Likichemsha mjini katika foleni, lakini likapoa likienda kasi, tuishuku feni kwanza, au mkanda wake, kwa sababu katika mwendo wa kasi upepo wenyewe hufanya kazi ya feni.

Likienda vizuri mjini lakini likachemsha mlimani au katika mwendo wa kasi, basi feni haina hatia. Joto limezidi uwezo wa rejeta, pampu au kifuniko.

Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, na mapovu yakatokea katika maji mfululizo, yaelekea gesi ya silindani inaingia, yaani gasketi au hedi ina hitilafu. Lakini kama mpira wa juu wa rejeta ni moto sana na ule wa chini ni baridi, maji hayazunguki, na themostati au pampu ndizo za kuchunguzwa.

Maelezo kama hayo, yakitolewa na mwenye gari kabla spana haijashikwa, yana thamani kuliko kusema tu, "Linachemsha, litazame."

Betri mpya, kasoro ileile

Mfano wa pili unahusu umeme. Gari linakataa kuwaka asubuhi. Betri inabadilishwa, nalo linawaka. Baada ya miezi michache linakataa tena, na inanunuliwa betri nyingine. Fundi anapopima betri kwa mita huona volti 12, na anapopima kwenye stata huona volti 12 vilevile. Kila kitu kinaonekana kizima.

Ufumbuzi umo katika Kanuni ya Ohm. Tuseme waya mnene wa hasi, unaounganisha betri na injini, umeingiwa na kutu katika kiungo chake, jambo la kawaida katika miji ya pwani kama Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako hewa ina chumvi. Ukinzani wa kutu hiyo ni mdogo sana, omu 0.02 tu. Stata inapovuta mkondo wa ampea 150, volteji inayopotea kiungoni ni 150 mara 0.02, yaani volti 3. Kati ya volti 12, robo imepotea kabla ya kufika. Nishati hiyo hugeuka joto la wati 450, na ndiyo maana kiungo kibovu huwa cha moto ukikigusa baada ya kujaribu kuwasha gari.

Kwa nini basi mita haikuonyesha? Kwa sababu ilipimwa gari likiwa limetulia. Pasipo mkondo hakuna volteji inayopotea, hata kiungo kiwe kibovu namna gani. Kasoro hii huonekana pale tu stata inapovuta umeme. Inatakiwa mita iwekwe kati ya ncha ya hasi ya betri na chuma cha injini, kisha mtu mwingine azungushe ufunguo. Hapo volti 3 zitajitokeza, mahali ambapo hazikupaswa kuwapo hata nusu volti.

Kiungo hichohicho ndicho kinachoziua betri. Altaneta inapoirudishia betri umeme kwa volti 14 na mkondo wa ampea 30, volti 0.6 hupotea njiani, na betri hupokea volti 13.4 tu. Betri ya risasi isiyojaa vizuri kwa muda mrefu hupatwa na ugumu katika sahani zake na kufa mapema. Betri zile zilikufa kweli, wala muuzaji hakudanganya. Ziliuawa na kutu iliyoweza kuondolewa kwa msasa.

Kuuliza "kwa nini" mara tano

Njia ya kulivunja duara la aina hii ilielezwa vizuri na Taiichi Ohno, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Toyota nchini Japani, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1978. Alifundisha kwamba tatizo likitokea, watu waulize "kwa nini" mara tano. Mfano wake ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini ilisimama? Fyuzi ilikatika kwa kuzidiwa mzigo. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini haikupata? Pampu ya mafuta haikusukuma vizuri. Kwa nini? Mhimili wake ulikuwa umelika. Kwa nini ulilika? Hapakuwa na kichujio, na vipande vya chuma viliingia ndani.

Anayekomea swali la kwanza hubadilisha fyuzi, na mashine husimama tena. Anayefika swali la tano huweka kichujio. Gasketi yetu na betri zetu ni kama fyuzi ile.

Gari liitwalo limau

Pengine kasoro haikuanzia gereji wala barabarani, bali kiwandani. Wamarekani huliita gari jipya lisilokoma kuharibika "limau". Mwaka 1982 jimbo la Connecticut lilipitisha sheria ya kwanza ya aina hiyo nchini mwao: gari jipya likitengenezwa mara nne kwa kasoro ileile bila kupona, au likikaa gereji kwa jumla ya siku 30, mnunuzi aweza kudai gari jingine au fedha zake.

Mwanauchumi George Akerlof alikuwa amekwisha kulichunguza soko la magari ya namna hiyo mwaka 1970, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba muuzaji wa gari lililotumika anajua kasoro zake, na mnunuzi hazijui. Kwa kuogopa kuuziwa bovu, mnunuzi hutaja bei ndogo; mwenye gari zuri huona bei hiyo haimfai na hujitoa sokoni; na mabovu huzidi kubaki. Jambo hili latuhusu, kwani magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki yalikwisha kutumika ng'ambo, hasa Japani, na kumbukumbu za matengenezo yake aghalabu hazifuatani nayo.

Wajibu wa pande zote mbili

Dawa ya kwanza ni daftari. Mwenye gari aandike tarehe, kilometa, dalili, mahali zilipotokea, kilichobadilishwa, na maji au oili iliyoongezwa. Maji yanayoongezwa kila wiki, hata kama ni kikombe kimoja, ni ushahidi kwamba yanakwenda mahali fulani. Fundi wa pili akipewa daftari hilo hataanza upya alipoanza wa kwanza.

Dawa ya pili ni kudai sababu. Kabla ya kulipa, mwenye gari amwulize fundi kwa heshima: "Kitu hiki kiliharibiwa na nini, na hicho nacho kimeondolewa?" Fundi mwema hataudhika. Naye mwenye gari akubali kwamba kuchunguza ni kazi inayostahili malipo, hata kama hakuna spea iliyofungwa. Tukimlipa fundi kwa spea alizobadilisha tu, tusishangae akibadilisha spea.

Dawa ya tatu ni kinga: maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, kifuniko chenye alama ya kiwango kilichoagizwa na kiwanda, na viungo vya betri vilivyosafishwa na kupakwa grisi.

Jaribio na maswali kwa darasa

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Vuta maji ya nyuzi 60 hivi mpaka yajaze sehemu ya tano, toa hewa yote, kisha ziba tundu kwa kidole kilichovikwa kitambaa. Vuta mchi kwa nguvu. Maji yatachemka ingawa hayakuongezewa moto.

1. Elezeni jaribio hili linahusiana vipi na kifuniko cha rejeta kilicholegea.

2. Injini ina maji lita 8 na hupokea joto la kilowati 24. Bila kuhesabu chuma, halijoto ya maji ingepanda kwa nyuzi ngapi kila sekunde?

3. Stata inavuta ampea 200 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.015. Ni volti ngapi zinapotea, na ni wati ngapi zinageuka joto?

4. Chagueni kifaa kimoja cha shuleni kinachoharibika mara kwa mara, kama vile pampu ya maji, kitasa au taa. Ulizeni "kwa nini" mara tano, na mwandike kila jibu pamoja na ushahidi wake.